Baba, Ungesema Tu "Mfupi"

Baba yangu mpendwa,

Leo sikuandikii ili kukusalimu. Nina hasira, na kwa kuwa yule mzungu Kofia alikwisha kurudi kwao Ulaya zamani, umebaki wewe wa kusikiliza.

Unaikumbuka mitumbwi ile ya shambani Timau? Miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, ya turubai iliyowambwa juu ya mbao nyembamba, kila mmoja na kafi lenye vibao huku na huku. Siku hizi vijana huiita kayaki. Haikuwa ya kuvua wala ya kuvushia watu. Ilikuwa ya kuchezea, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, wakati sisi tulikuwa hatuwezi kwenda hata msalani bila kuulizwa pasi, ile karatasi ya ruhusa. Tajiri wetu, tuliyemwita Kofia, alitaka kubaki na mmoja, na ule mwingine amrudishie muuzaji. Yeye alipenda mrefu. Memsabu, mkewe, alipenda mfupi. Basi wakakuita wewe, fundi wao wa mbao, mtu wa Embu uliyejua kuchonga mizinga ya nyuki na hukuwa umewahi kupanda chombo cha majini tangu uzaliwe.

Wiki hiyohiyo Athumani, dereva wa lori la mahindi kutoka Meru mjini, alikuja na habari za Mama. Nilikuwa nimesimama hapo, mtoto niliyeishi nawe shambani. Alizima injini kwanza, ndipo akasema, "Njeru, bibi yako amelala, mgonjwa. Hata uji hawezi. Fanya mpango uende."

Mpango gani? Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mama alikuwa Embu, kwenye kijiji walichofungiwa watu nyuma ya handaki na miti iliyochongwa ncha, na wewe hungeweza kuvuka hata Meru bila Kofia kutia sahihi. Ukaenda verandani kwake, nami nikakufuata. Aliendelea kunywa chai.

"Pasi iko," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Lakini maneno ya mtumbwi kwanza. Wewe ambia mimi gani mzuri, halafu kwenda."

Hapo ndipo ninapokasirika, Baba. Ungesema tu "mfupi". Ungesema "mrefu". Neno moja, na jioni ile tungekuwa kwenye lori la Athumani.

Lakini wewe uliulizwa swali la kazi, na swali la kazi hukuweza kulijibu ovyo. Ukavua koti ukanipa nikushikie. Ukaingia kwenye mfupi, ukapinduka, wachunga ng'ombe wakacheka mpaka wakakaa chini. Ukaingia tena. Mtumbwi huo ulikuwa mwepesi, uligeuka vizuri kwenye matete, lakini kila ukipiga kafi pua yake ilikwenda kombo kama mbuzi anayevutwa sokoni. Kesho yake ukajaribu mrefu. Huo ulikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo hata upepo wa mlima ulipovuma, ila kuugeuza ilikuwa kazi, na kuubeba kulihitaji watu wawili. Halafu ukasema haitoshi, wewe si mzito kama Kofia, ukaanza kupakia mawe. Mawe, Baba! Mama hawezi uji, na wewe unapima mawe yanayolingana na mzungu!

Nilikuuliza, "Baba, tutaenda lini?"

"Nikimwambia vibaya atanikasirikia, na pasi isitoke," ulijibu. "Acha nijue kwanza."

Nilikuamini. Sasa mimi ni mzee kuliko ulivyokuwa wewe siku ile, na ninajua kwamba uliogopa, lakini pia ninajua kwamba uliipenda ile kazi. Nilikuona ukitabasamu katikati ya bwawa.

Ulipomaliza mawe ulimwambia Kofia achukue mrefu, na pasi ikatoka. Tulifika Embu kabla ya kafyu ya jioni, homgadi, yule mlinzi wa serikali wa langoni, akaishika pasi juu chini, akakutazama usoni. "Huyo mama tulishamzika," alisema, akatufungulia. Mama mdogo alitoka kibandani na swali moja tu, "Mlikuwa wapi?" Nilisubiri useme. Ungesemaje? Kwamba ulikuwa ukipiga makasia? Uliuliza tu kaburi liko wapi.

Tuliporudi Timau, mitumbwi yote miwili ilikuwa imening'inizwa ghalani kwa kamba. Memsabu alichukua mfupi, Kofia akachukua mrefu.

"Yote mzuri," alikwambia. "Wewe fundi kweli."

Yote! Tangu mwanzo angeweza kubaki nayo yote! Na wewe ukasema, "Asante, Bwana." Mama yangu alizikwa bila sisi kwa sababu ya swali ambalo mwenyewe hakuhitaji jibu lake, na wewe ukasema asante.

Jumapili iliyopita alikuja kitukuu chako Mwaniki, anayekaa mtaa wa Majimbo. Anataka kayaki ya kutembeza wageni kwenye bwawa kubwa la Tana kule Mbeere. Akanionyesha mimi nyanya yake picha kwenye simu. "Cucu, nimestuck. Hii fupi ama hii ndefu? Nimekuwa nikicheki wiki nzima." Na mamake, binti yangu, amekuwa akimpigia tangu Ijumaa kwamba mguu umevimba tena, hajui atafikaje hospitali.

Niliinuka kitini, mimi ambaye siku hizi huinuliwa.

"Ndefu," nikamwambia. "Maji ni mapana, yana upepo, na fupi itakwenda kombo. Nimekujibu. Sasa toka, nenda kwa mamako."

Alicheka kidogo, akaniona uso, akaenda. Walifika hospitali siku ileile.

Jibu lilikuwa lako, Baba. Ulikuwa umelijua tangu upepo wa siku ile ya pili bwawani, kabla ya mawe.

Mimi binti yako, niliyekushikia koti.