Walimnyoa Paata Kabla ya Arobaini

Nakvela, Imereti,
Georgia.
17 Novemba

Mpendwa Naira mwanangu,

Hujambo, mama? Mimi shangazi yako Tsiala sijambo, ila magoti, nayo umeshazoea kuyasikia katika kila barua. Yule bibi unayemtunza huko Bari kwa Waitaliano anaendeleaje? Bado anakutupia kijiko ukimnyima chumvi? Mvumilie, mwenzio hana mwingine wa kumtupia. Na wewe unakula? Juzi kwenye simu nilikuona mashavu yameingia ndani, na usinidanganye kwamba ni kamera.

Hapa zabibu tumeshavuna na kukamua, mitungi imejaa na kufunikwa udongo. Divai ya mwaka huu ni kali kidogo. Marehemu baba yako angekaa siku nzima akiitia kasoro, kisha angeinywa yote.

Ng'ombe amezaa. Ndama ni jike, ana doa jeupe usoni, na Zura binamu yako amempa jina lako. Usikasirike, ni ndama mzuri.

Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ukinikatiza nafoka, nikifoka unalia, basi mazungumzo yanaishia hapo. Barua haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Habari ya kaka yako Paata unaijua nusu. Unajua kwamba sufuria kubwa la shaba la kupikia pombe ya chacha, lile linalotumiwa na kijiji kizima, liliibwa kwa mzee Guram, na kwamba mtu aliyeonekana akilipakia garini alikuwa na ndevu. Basi polisi wakaja kutafuta mwenye ndevu. Jamani! Kijiji kina msiba, baba yenu Vazha amezikwa majuzi, wanaume wote wa ukoo hawagusi wembe hadi arobaini, wapwa, binamu, hata huyo Zura mwenye nywele tatu kidevuni anazilea kwa heshima ya mjomba wake, halafu mtu anakuja Nakvela kutafuta "mwenye ndevu"! Wangeweza kubeba nusu ya kijiji. Walimbeba Paata kwa sababu ndiye waliyemkuta barabarani, anatoka makaburini kumwashia baba yake mshumaa.

Hilo peke yake tungelicheka. Mwizi mwenyewe alipatikana wiki hiyohiyo, mtu wa mjini, na alikuwa ameshanyoa kidevu kikawa laini kama yai. Paata akaachiwa. Wakamwambia samahani, nenda nyumbani.

Lakini alirudi bila ndevu, na wewe ukaambiwa tu kwamba "walimnyoa kituoni". Ukaniambia, "Shangazi, mwambie aachane nao. Ndevu zitaota." Naira, ulinichoma. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilijua hujui. Sasa nakujuza.

Walimkalisha kwenye kiti, mikono imefungwa nyuma. Hakupigana, hakutukana, alisema tu kwamba yeye ni mfiwa na hajanyoa kwa ajili ya baba yake. Wawili wakamshika mabega. Wa tatu akaja na wembe mkavu, bila maji, bila sabuni. Akanyoa upande mmoja, kisha akaacha. Wakawaita wenzao waje kumtazama akiwa nusu ana ndevu, nusu hana. Wakacheka, mmoja akampiga picha. Na yule mwenye wembe akamwambia, "Mwambie baba yako arobaini yake imefika mapema." Ndipo akamalizia upande wa pili. Ngozi ilitoka magamba, lakini hata mimi najua ngozi hupona.

Unataka kujua nani alishika wembe? Gocha. Ndiyo, Gocha wa Lamara, aliyekulia katika ua wetu, aliyekula mkate wangu wa jibini mpaka nikamwita mbwamwitu. Alipofiwa na baba yake alikaa na ndevu hadi arobaini, na ni kaka yangu Vazha aliyemshika mkono kumpeleka kaburini. Angekuwa mgeni kutoka nchi ya mbali ningesema hajui anachokifanya, anaona nywele tu. Huyu anajua! Alijua hasa pa kumgusa mtu ili asiweze kuinua uso. Mshenzi.

Nilikwenda kituoni mwenyewe. Mkuu wao akanikaribisha chai, nikamwambia chai yake aioshee viatu.

"Bibi," akaniambia, "hapa kumeandikwa kwamba aliomba mwenyewe kunyolewa, kwa ajili ya usafi."

"Mtoto wa Vazha aombe kunyolewa baba yake hajatimiza arobaini? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Hata kama. Hakuvunjika mkono. Ndevu zitaota, bibi."

"Na wewe aibu itakuota lini?"

Wakanitoa nje. Kwa heshima, lazima niseme, maana walinishikia mlango.

Na siku ya arobaini yenyewe, hukuambiwa. Tulipika, watu wakajaa, kasisi akaja, meza ikatandikwa kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku. Kiti cha mtoto wa marehemu kikawa kitupu. Mimi nikawaambia watu ana homa. Paata alikuwa ghalani, amekaa chini katikati ya mitungi ya divai, na ndiko alikonieleza haya yote, kipandekipande, bila kunitazama. Nikamwambia, "Toka, mwanangu, watu wanakungoja umnyanyulie baba yako bilauri." Akasema, "Kwa uso gani, shangazi? Wote wameketi na ndevu zao. Mimi nimekaa kama mtu ambaye hakufiwa." Zura ndiye aliyemnyanyulia baba yenu bilauri. Alisema vizuri, lakini si mtoto wake.

Baada ya hapo akaacha kwenda dukani, akaacha kwenda kanisani. Akaniambia ameanza kuhesabu arobaini yake upya, tangu siku waliyomnyoa, na nisimwambie mtu.

Nikampigia Tekla, yule mliyesoma naye, sasa ni wakili mjini Kutaisi na amenenepa vizuri. Akaja. Nikamwuliza: binti, kuna sheria ya jambo hili au nivumilie kama ninavyovumilia magoti? Akasema ipo, ni ya Ulaya nzima, na nchi yetu imeitia saini: mtu asiteswe wala asitendewe kwa namna ya kumdhalilisha. Nikamwuliza kama lazima avunjwe mbavu kwanza. Akasema hapana. Mtu akiwa mikononi mwao, wakimtumia nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuwalazimisha kuitumia, wamegusa utu wake, hata iwe ni kofi moja. Akasema tena kwamba inatosha mtu adhalilike machoni pake mwenyewe, hata pasingekuwa na wa kucheka. Na lililompata mtu ndani ya kituo, wa kulieleza ni serikali. Tungeanza hapahapa, kwa mwendesha mashtaka na mahakama zetu, na wakituzungusha ndipo twende kwenye ile mahakama ya Ulaya iliyoko Strasbourg.

Naira, mimi nilisoma mpaka darasa la nane, lakini maneno yale niliyaelewa kuliko sala. Nilitaka kumbusu Tekla. Paata akainuka akasema, "Nikasimame mbele ya watu wasionijua niwaeleze nilivyokaa nusu ndevu? Sitaki. Wameninyoa mara moja, inatosha." Akarudi ghalani. Tekla akavaa koti lake, akasema bila yeye mwenyewe hakuna kesi.

Basi ndivyo tulivyokuwa mpaka wiki iliyopita, Lamara alipofariki. Mama yake Gocha. Moyo, akiwa anapalia vitunguu. Nililia, Naira, kwa sababu nilimpenda Lamara na yeye hakumnyoa mtu.

Unajua kwetu hakuna kukosa msiba. Unaweza kugombana na mtu miaka ishirini, akifiwa utakwenda. Nikavaa nguo nyeusi. Nikafika getini nikamkuta Paata ameshavaa koti la baba yenu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Msibani."

"Paata, usinifanyie vurugu mbele ya jeneza la watu."

"Shangazi, lini nilifanya vurugu?"

Ilikuwa kweli, nikafungua geti.

Tukapanga foleni pamoja na kijiji kizima. Gocha alikuwa amesimama mlangoni na wanaume wa kwao, anapokea pole. Hakuwa amenyoa. Ndevu zake zilikuwa za siku chache, zimemtoka vibaya, na macho mekundu. Alipomwona Paata alirudi nyuma kidogo, mgongo ukagusa ukuta.

Paata akampa mkono. "Pole, Gocha. Mama yako alinilisha nikiwa mtoto. Mungu amweke pema."

"Ahsante."

"Ndevu zako hakuna atakayezigusa. Mlilie mama yako mpaka arobaini, kama mtu." Hakuinua sauti hata kidogo. "Na mimi kesho nakwenda kwa wakili. Nimekwambia mwenyewe ili usisikie kwa watu."

Gocha alijishika shavu. Nadhani hakujua kwamba amejishika. Akasema, "Najua nilichofanya." Hayo tu. Lakini nilikuwa nyuma ya Paata, nikayasikia, na nitayasema mbele ya hakimu yeyote watakayeniletea, awe wa Kutaisi au wa Strasbourg. Tukaingia, tukamzunguka Lamara, nikamwambia kimoyomoyo kwamba mwanawe amemtia aibu, kisha nikamwomba msamaha kwa kumsumbua.

Kesho yake Paata alikwenda kweli. Ameeleza yote, Tekla ameandika, malalamiko yamepelekwa. Na hapa ndipo unapoingia wewe.

Polisi wanashikilia neno lao, kwamba alifika kituoni na vinyweleo vichache na akaomba viondolewe. Simu yake waliirudisha imekufa. Jioni ile kabla hajakamatwa, ulimpigia. Nilikuwa jikoni nawasikia. Ulimwambia ageuze uso kwenye taa, ukacheka, ukalia, ukasema, "Baba mtupu!" Kisha ukasema usisogee, nakupiga picha. Hukuweza kuja kumzika baba yako, ulimzika kupitia simu, na picha ile ndiyo uliyobaki nayo. Najua unayo. Tunaihitaji, na tunahitaji uandike na kuweka sahihi kwamba uliipiga wewe jioni ile, na kwamba alikuambia hatanyoa hadi arobaini.

Najua unachoogopa. Huna vibali, na kila karatasi yenye jina lako unaiona kama mlango wa kurudishwa. Nimemwuliza Tekla mara nyingi mpaka akachoka. Anasema ushahidi wako unakuja kwa mwendesha mashtaka wa huku, hauendi kwa Waitaliano. Mpigie mwenyewe akueleze. Kama bado unaogopa baada ya hapo sitakulaumu, ila nitakasirika, na wewe unanijua nikikasirika.

Leo imetimia arobaini ile aliyoihesabu mwenyewe. Asubuhi tulikwenda kaburini, mimi na yeye, na kuku wa kuchemsha na mkate na chupa ya ile divai kali. Akasimama akamnyanyulia baba yake bilauri, kwa sauti, kama inavyotakiwa, akasema yote aliyokuwa ameyanyamazia. Ndevu zilikuwa zimejaa. Kweli ni baba mtupu, hukukosea.

Tuliporudi aliniomba maji ya moto. Akachukua wembe wa Vazha na kile kioo kilichopasuka pembeni, akakaa uani mbele ya watu wote wapitao, akapaka sabuni, akanyoa polepole. Mzee Guram alipita akavua kofia. Alipomaliza alijifuta, akajitazama, akaniambia, "Sasa nimenyoa."

Kwa hiyo, mwanangu, usiniambie tena kwamba ndevu zitaota. Zimeota. Mwenyewe amezinyoa kwa mkono wake, siku aliyotaka yeye. Sasa nataka picha.

Guram anakusalimu, na sufuria lake limerudi likiwa na bonyeo moja analolitukana kila siku. Zura na mkewe wanakusalimu. Tekla anasema hajasahau kwamba ulimnyima kalamu darasa la tano. Paata hakusema nikuandikie nini, ila amekuja mara mbili kuniuliza kama nimemaliza.

Mungu akulinde katika nyumba ya watu, akupe afya na bibi mpole, na akurudishe uje ukae kwenye meza yako mwenyewe.

Wako akupendaye hata anapofoka,
Shangazi Tsiala