Ungo wa Ziwa

Bengaluru, 10 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, naigusa miguu yako. Sisi hatujambo. Mama anasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na akirudi anakula ugali wa ulezi kidogo huku akinisema kwamba sijui kusonga. Laiti masikio yako yangekuwa bado yanasikia simu, ungemsikia mwenyewe.

Nina habari njema: nimenunua nyumba! Iko pale pale kilipokuwa kijiji chetu, tulikohama nikiwa na miaka mitano. Sasa ni maghorofa tu, na letu linaitwa Mtazamo wa Ziwa, ingawa ziwa lenyewe sijaliona. Nimechukua ghorofa ya chini ili mama asisumbuke na ngazi. Nje ya dirisha lake, kwenye maegesho ya magari, kuna jiwe la mungu wa kike lenye madoa ya manjano. Mama alipoliona alilia. Nadhani ni furaha ya kurudi nyumbani.

Mwanao,
Rathnamala


Mulbagal, 21 Aprili

Mwanangu Rathna,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila magoti hayataki asubuhi. Ng'ombe wa baba yako mdogo amezaa ndama wa kike.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jiwe hilo nalijua kuliko uso wangu. Liko kwenye mdomo wa ziwa, pale maji yalipomwagikia ziwa likijaa. Nililitunza ziwa lile miaka ishirini na minane, kama babu yako kabla yangu. Likijaa, lilimwagia ziwa la kijiji cha chini kwa mfereji, nalo likamwagia lililofuata, hivyo hivyo mpaka mtoni. Sasa mfereji umefukiwa na ardhi imepakwa saruji, haiwezi kunywa hata tone. Lakini maji hakuna aliyeyapa taarifa. Watu hao wamelizika ziwa, kisha wakaandika jina lake getini kama juu ya kaburi.

Mama yako hakulia kwa furaha. Amepatambua, ila hataki kukuharibia. Mwanangu, mnalala kwenye njia ya maji. Mhamishe mama kabla ya mvua.

Baba yako


Bengaluru, 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Tuko wazima, tunamshukuru Mungu.

Barua yako imeniuma. Nimejibana miaka kumi na miwili kwa ajili ya nyumba hii. Hata hivyo nilikwenda kwa msimamizi wa jengo kuulizia mfereji. Akacheka: "Dada, kila mzee wa hapa ana ziwa lake kichwani." Kisha akanitolea faili. Kuna karatasi ya zamani inayosema mfereji ule haupitishi maji, unaweza kufukiwa. Imethibitishwa na mtunza maji wa kijiji.

Saini ni yako, baba. Naijua, ndiyo ile ile ya kwenye ripoti zangu za shule. Sasa nishike ipi, barua yako au karatasi yako?

Nijibu tafadhali.

Rathnamala


Mulbagal, 14 Julai

Mwanangu,

Usiniamkie mpaka umalize kusoma. Miezi miwili nimetafuta uongo wa kukuandikia, nimekosa.

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja wa ukame. Ziwa lilikuwa uwanja wa kriketi. Hakuna aliyeniita mtunza maji tena. Waliniita mzee wa vumbi. Wakaja mabwana wawili wenye ramani. Wakanipa kiti, wao wakasimama. "Mzee, mtaalamu ni wewe. Miaka kumi hii, maji yamepita hapa?" Nikasema hayajapita. "Basi tia saini hapa." Nikatia.

Nilichosema kilikuwa kweli. Lakini nilijua yatapita tena, na wapi. Hawakuniuliza, nami sikusema. Kile kiti kilinipendeza mno. Naona aibu kuyaandika haya, na naona aibu zaidi kwamba niliwalaumu wengine kwanza.

Kodi chumba cha juu, hata kibovu. Mvua kubwa huja Septemba. Nisamehe.

Baba yako


Bengaluru, 2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Siku za msiba huko Mulbagal sikuweza kukueleza. Nyumba ilijaa watu, na wewe husikii mpaka mtu apaze sauti. Maneno haya si ya kupaziwa sauti.

Nilikuwa nimeshapata chumba ghorofa ya tatu, tuhamie Jumatatu. Maji yalikuja Jumapili asubuhi, kutoka upande wa jiwe, na kufikia saa nne yalikuwa yamenifika magotini. Majirani walimbeba mama na kiti chake mpaka juu. Barabara ilikuwa mto. Trekta la kumpeleka hospitali lilitufikia Jumatano, na Jumanne yake ya kusafishwa damu ilikuwa imepita. Alhamisi akatutoka.

Lakini kabla majirani hawajafika, maji yakiwa kwenye miguu ya kitanda, mama hakuogopa hata kidogo. Aliniambia, "Ziwa limejaa. Niletee ungo."

"Ungo wa nini, mama? Tunazama!"

"Wewe mtoto, umesahau nilivyokusimulia? Ziwa likijaa hupewa ungo wa zawadi, na anayeanza ni mke wa mtunza maji. Lete, acha kelele."

Akavua bangili zake, akazifunga kwa kitambaa kwenye ungo wa jikoni, akanyunyiza manjano, akauweka majini. Ukatoka mlangoni, ukalipa jiwe mgongo, ukaenda moja kwa moja.

Maji yalipokauka niliukuta umekwama kwenye ukuta wa nyuma, bangili zimo. Nyuma ya ukuta kuna bonde dogo lililojaa kifusi. Ndipo mfereji ulipozibwa, sivyo?

Tarehe 19 wapimaji wa serikali wanakuja ili mfereji ufukuliwe. Wanatafuta mtu wa kuonyesha mfereji ulikopita na kutia saini. Hasira bado ninayo, baba, sitakudanganya. Lakini nakuhitaji. Njoo.

Mwanao,
Rathna


Mulbagal, 9 Oktoba

Mwanangu Rathna,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nitafika kwa basi la asubuhi tarehe 18.

Ungo usiutoe hapo ukutani. Mama yako ameshaonyesha njia, mimi nitatia saini tu. Na wapimaji waambie mapema wasiniletee kiti.

Baba yako,
mtunza maji