Anwari Kapata Hata Moyo wa Baba

S.L.P. 214,
Mbalizi, Mbeya.
9 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Mwanakhamisi,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Goti limepoa? Huku baridi ya Juni imetushika, lakini tu wazima. Mama anakusalimu sana.

Kaka Anwari ametoka hospitali. Mwezi wa tatu moyo ulimkamata dukani, akiwa na miaka thelathini na tisa, karibu na umri ule aliodondoka nao marehemu baba pale Ilula akichagua nyanya. Baba hakuwahiwa. Anwari amewahiwa, alhamdulillahi.

Daktari akataka mimi na Anwari sote wawili tupimwe vinasaba. Anasema zipo jeni za kurithi zinazofanya kinga ya mwili iwake kupita kiasi, na mwako huo wa ndani huumiza mishipa ya moyo taratibu. Kuwa nazo si hukumu, huongeza hatari tu. Majibu yakaja: Anwari anazo, mimi sina.

Watu wakanipongeza. Shangazi, nakwambia wewe kwa kuwa siwezi kumwambia mwingine: niliona wivu. Anwari ana sauti ya baba, ana mwendo wa baba, na duka kaachiwa yeye. Sasa hata moyo! Mama anampikia maharage yasiyo na chumvi, anamvua viatu. Siku moja nikaropoka, "Kwani mimi baba yangu nani?"

Mama akaweka mwiko chini. "Shufaa, unataka niwazike wote?"

Nilikwenda uani kufua nguo safi, nikalia huko.

Jumatatu nikamsindikiza Anwari kliniki. Tukiwa kwenye benchi akasema bila kunitazama, "Unajua kwa nini sikukusalimia wiki nzima? Wewe utazeeka. Nilikuonea kijicho, mdogo wangu."

Nikamshikia faili lake mpaka alipoitwa.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jana tu mama kammenyea chungwa, nikatoka nje.

Lakini wewe na baba mmetoka tumbo moja. Hicho kifua kinachokubana, ulichosema kwenye simu kuwa ni gesi, usikifanyie mzaha. Nenda hospitali wiki hii, uwaeleze habari za kaka yako na za Anwari bila kuficha. Baba naye alisema ni gesi.

Nisalimie binamu Taslim na wanawe. Mwenyezi Mungu akupe umri ambao kaka yako hakuupata.

Mwanao akupendaye,
Shufaa