Boti Haikuniacha

Mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu Apolina,

Kabla ya salamu ngoja nitoe neno moja, maana nikilichelewesha nitaogopa na kulimeza. Nilisikia. Siku ile boti ya kuturudisha Kigoma ilipokuwa inaondoka, nilisikia kila walipoita. Jenista, mwanafunzi mwenzangu, alipotaja jina langu kwa sauti nilisikia pia. Najua amewaeleza kwamba kelele za wanawake wachota maji zilinizidi, au kwamba niliona haya kuomba nisubiriwe, na nyumbani mmecheka sana kwa kuwa ndivyo nilivyo. Sivyo ilivyokuwa. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Tantine Feza, shangazi yetu anayenilaza kwake.

Sasa nakusalimu. Mguu wa Mama umepona? Mtoto wako ameanza kutambaa? Mimi sijaugua hata kichwa. Nakula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, ya Tantine mpaka sketi ya shule inanibana, na usiku nalala fofofo. Hapa siku hizi watu hawashikani mikono kwa sababu ya ugonjwa. Kila mtu anasikitika, ila mimi niliyezoea kuficha mikono nyuma nikisalimiwa naona mji mzima umekuja upande wangu.

Unakumbuka tulikuja wanne kufanya mazoezi ya uuguzi hospitalini. Hatujazoea hata wodi ya watoto, kipindupindu kikaingia. Watu wengi walikuwa wameshuka kutoka milima ya Fizi na njia ya Misisi wakikimbia bunduki. Wanalala madarasani, na wote wanachota maji ziwani. Daktari alitukusanya uani akasema wanafunzi hawataingia wodini tena, na sisi wa kutoka ng'ambo turudi kwetu kabla boti hazijazuiwa. Wenzangu walilia. Mimi nilifunga begi langu.

Asubuhi ya safari tulipita pale wanapotia dawa kwenye maji. Ni meza tu kando ya ziwa. Kila anayechota analeta bidoni yake, ndilo dumu letu, muuguzi anavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, anaitia ndani. Mama Georgette, muuguzi mkuu, alikuwa peke yake, na mstari ulikuwa umefika kwenye mitumbwi. Akaniwekea bomba mkononi.

"Shika kidogo, Wabiwa. Pale kuko muntu ameanguka."

Akakimbia. Nahodha akaita, "Batoto ba Kigoma, tunaenda!" Nikatazama boti, nikatazama mstari. Mbele yangu alisimama mama mjamzito mwenye bidoni mbili. Alisogeza ya kwanza karibu na miguu yangu. Nikatia dawa. Jenista akaita jina langu. Nikainamisha kichwa nikatia na ya pili. Nilipoinua macho boti ilikuwa mbali, nami nikashangaa kwamba silii.

Usidhani nilipokelewa kwa nderemo. Wanawake wa hapa wakisikia Kiswahili changu wananiita Mutanzania, ingawa nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka soko lao, kabla hatujahamia Kigoma.

"Huyu mutoto iko naweka nini kwa maji yetu?"

"Dawa, mama."

"Sema nguvu! Unaongea na bidoni ao unaongea na siye?"

Mwenye mdomo kuliko wote ni Mama Mauwa, muuza ndagala. Ndagala ndiyo dagaa yetu. Siku moja nikamwona anapita nyuma ya mitumbwi, anamwaga maji niliyomtilia dawa, anachota mengine. Na hakuwa peke yake. Mwingine angepiga kelele. Mimi nilimfuata tu hadi kwake, nikimbebea bidoni moja. Mlangoni akageuka.

"Unanifuata kama mwizi. Sema basi!"

Nikamwuliza kwa nini anamwaga. Akasema mume wake akitoka kuvua anataka maji palepale, na alipompa yale ya dawa alimwuliza kama amemletea maji ya kufulia nguo. Ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wanayanywa mara tu yanapotoka ziwani, dawa haijafanya kazi na harufu iko juu. Nikamweleza kwamba nyumbani tunayaacha kwanza nusu saa, halafu tunayahamishia kwenye mtungi safi na kuufunika kwa kitambaa. Tulirudi kuchota, nikatia dawa, tukakaa mkekani tunachambua ndagala mpaka muda ukapita. Akaonja.

"Bado kananuka, lakini kidogo. Kama pombe ya jana."

Mume wake akaja, akanywa kikombe chote, akaenda kulala. Mama Mauwa akanipiga bega, akasahau kwamba watu hawagusani. "Hakusema kitu! Bwana yangu akinyamaza, ni kusema anasifu."

Tangu hapo anasimama kando ya meza yangu na beseni lake la ndagala, na anayenichokoza anakutana naye: "Muache Mutanzania wangu! Yeye hana kinywa, mi niko nazo mbili." Kisha anawaeleza mambo ya mtungi na kitambaa kwa sauti inayofika Mboko. Juzi hata mwanajeshi aliyetaka kuruka mstari alirudishwa nyuma, na akarudi. Sasa wanaomwaga ni wachache sana.

Jioni Mama Georgette ananiita kwenye hema za wagonjwa. Nilianza mlangoni, kunyunyizia watu dawa miguuni. Jana alinikalisha ndani, nimnyweshe msichana mmoja maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alitapika, nikaanza tena. Kabla sijaondoka akaniomba kijiko akishike mwenyewe.

Najua huenda shule ikasema kazi ya ziwani si mazoezi, nikaanza upya wakati Jenista na wenzake wamemaliza huko Kigoma. Lakini kukikucha natamani kufika pale mezani kabla ya mstari.

Unaandika kwamba Baba amemgombeza nahodha pale bandarini Kibirizi, na anataka kuvuka mwenyewe anichukue. Tafadhali mzuie. Ziwa si salama kwa mwanamume wa umri wake, atasimamishwa na kila mwenye bunduki. Mwambie Baba kwamba nahodha aliita vizuri, mimi ndiye sikufika. Hilo ni kweli na linatosha. Mwambie nitarudi hema zikifungwa.

Nisalimie Mama kabla ya wote. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, shemeji yangu mpenda utani, na Bibi mzaa baba. Mwambie Bibi michikichi yake nyuma ya nyumba yetu ya zamani hapa bado imesimama, na majirani wanakula mawese yake bila haya.

Ila yale ya mwanzo yabaki kwako. Mama akijua nilisikia nikabaki kwa hiari, atadhani nimechagua watu wengine kuliko yeye, na sijui kumweleza kwa barua, pengine hata kwa mdomo. Baba akijua, atapanda boti ya kesho. Waache wacheke kwamba haya zangu zimeniacha ufukweni. Ukishasoma, tia karatasi hii jikoni iungue, na wakikuuliza nimeandika nini, sema ninakula vizuri.

Mdogo wako anayekupenda,
Wabiwa