Jina Nililofuta Sababu ya Chadrack

Kasongo, siku ya sita

Yaya Odile, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe na wote wa Kabambare. Simu yako haipiti, basi naandika. Huku mvua imezidi, mihogo haikauki, na bibi yangu Mado anakohoa kidogo.

Mutoto wako Chadrack amefunga magoli saba katika timu ya mpira ninayofundisha. Timu moja ya Kindu ilimutaka. Akasema atabaki kwetu nikimuandika rafiki yake Aristote. Listi yetu iko na majina kumi na nane tu, kwa hiyo nikafuta la Dominique, yule mwendesha moto, anayebeba watu kwa pikipiki yake. Dominique hakugomba. Alicheka tu.

Jana asubuhi Chadrack alitaka kuja kukuona. Nikamupa Dominique safari hiyo, ili moyo wake upoe. Unajua barabara ya Wamaza na matope yake: kwenda na kurudi ni siku tatu.

Yaya, Dominique alirudi jana hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, na moto yake haina tope. Anasema amemufikisha kwako. Leo amekuja kwenye mazoezi na viatu vya mpira, akaniuliza: "Muzee, sasa nafasi iko?"

Nijibu neno moja tu. Amefika?

Ndugu yako mudogo,
Gédéon