Bwana Akidi Hajaja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ipokee ukiwa umekaa, maana nasikia magoti yako siku hizi yanalia kama bawaba kavu. Salamu zangu ni nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, ingawa hilo si jambo la kujivunia. Mguu unaendeleaje? Na yule kuku wako mpumbavu, bado anataga kwenye kiatu cha marehemu shemeji? Mimi ni mzima. Meno yamebaki ya kutosha kutafuna ninachopewa na kumng'ata anayenichokoza.

Barua zako zote mbili zimefika. Katika ile ya kwanza ulisema chumba cha uani umekipaka chokaa, nije tuzeeke pamoja, kwa sababu tangu shemeji atangulie unaongea na kuta na kuta hazikujibu. Ya pili ilikuwa fupi: uliuliza kama nimekufa. Dada, sijafa. Nimefungwa. Usianze kulia, sijamwibia mtu. Nimefungwa na chama.

Chama chetu cha Mabega unakijua. Huku mlimani gari halipandi, kuna ngazi tu, nyembamba na zilizolika. Mtu akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, sisi humbeba kwa machela mpaka barabara ya chini. Hatulipwi, hata asante nyingine hatupati, maana mgonjwa anakuwa na yake. Kazi yenyewe sikuwahi kuilalamikia. Kilichoniponza ni katiba.

Zamani mwenyekiti alikuwa Mwenye Bucha, mtu wa safari nyingi. Siku moja alilala nje ya mtaa na ufunguo wa stoo ya machela ukiwa mfukoni mwake, na mama mmoja ikabidi abebwe juu ya mlango ulioong'olewa. Mtoto alizaliwa salama, lakini mkutano uliofuata uliwaka moto. Mimi na darasa la nne langu, ambalo nusu yake niliisomea nje ya dirisha nimepigishwa magoti, nikasimama kama wakili. Nikapendekeza kifungu: mwenyekiti asilale nje ya mtaa hata usiku mmoja, mpaka akabidhi ufunguo kwa mrithi aliyechaguliwa na mkutano halali. Makofi yalivuma. Mwenye Bucha akasema sawa, basi mwenye mdomo ndiye aushike huo ufunguo. Nikachaguliwa papo hapo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na ndoo yangu mkononi, nikitabasamu.

Wakati ule sikuona kifungo. Nilikuwa na pa kulala, na wifi yako alikuwepo. Si unakumbuka ulivyokuwa ukimwita Tarumbeta? Basi sauti ile uliyoichukia ndiyo iliyotufungulia njia. Yeye alitangulia mbele ya machela akipiga kelele watu wapishe, na walipisha, hata walevi. Ninyi wawili mligombania sufuria ya mama mpaka ikatoboka, lakini wifi yako alipofariki ulilia kuliko mimi. Sikulisahau hilo.

Baada ya msiba nikaona ngazi ni ndefu na nyumba haina sauti. Nikaitisha mkutano nijiuzulu, nije kwako. Katibu wetu ni fundi cherehani, tunamwita Sindano kwa sababu haachi kitu kikapita bila kukichoma. Akatazama viti, akasema mkutano hauwezi kuendelea, akidi haijatimia. Nikaitisha mwingine. Akasema vilevile, akidi haijatimia. Na wa tatu.

Sasa hili usimwambie mtu. Mimi nilidhani Akidi ni jina la mtu. Nikasimama kwa hasira nikauliza huyu bwana Akidi anakaa wapi, na ana kiburi gani cha kutungojesha watu wazima kila mara, nielekezwe kwake nikamlete mwenyewe kwa kumshika sikio. Mwenye Bucha alicheka mpaka akatoka nje kutapika. Hadi leo nikipita bucha kwake ananiuliza kama yule bwana amefika.

Sindano akanifafanulia kwa upole. Akidi ni idadi ya watu, zaidi ya nusu ya wanachama, na bila hiyo mkutano ni gumzo tu. Lakini wanachama wetu wengi wamehama au wamelala makaburini, na kwa katiba mwanachama hafutwi mpaka mkutano halali umfute. Vijana wanaobeba machela siku hizi wana mabega kama ng'ombe, ila hawana kura, maana mwanachama mpya naye hupokelewa na mkutano huohuo halali. Kwa hiyo ili tuwafute marehemu tunahitaji akidi, na ili tupate akidi marehemu wafutwe kwanza, au waje. Mwenye Bucha akasema heri wangekuja, kwa sababu angalau wao hawakohoi.

Mwezi uliopita nilitoroka. Ndiyo, mzee mzima. Nilimwachia Sindano ufunguo juu ya cherehani yake, katikati ya vipande vya kitambaa, nikashuka na begi langu mpaka stendi. Nilikuwa nimeshakaa dirishani, basi linanguruma, nakuona wewe kabisa mlangoni unanisuta kwa kuchelewa. Mara wenzangu wa chama wakaja na machela. Sindano akamweleza kondakta kwa adabu kwamba yule mzee wa dirishani ni mgonjwa wao. Nikabisha. Akamwambia kondakta kwamba hivyo ndivyo ugonjwa wenyewe unavyoanza. Wakanilaza, wakanifunga mikanda, wakanipandisha ngazi zote. Majirani walipouliza naumwa nini, Mwenye Bucha akajibu ni miguu, inataka kwenda. Miaka yote nimebeba watu, sikuwahi kujua kwamba ukilala pale huoni mtu. Unaona anga na nguo za watu zilizoanikwa, basi.

Hata hivyo Sindano si mtu mbaya. Aliona nilivyolikumbatia begi langu nilipofikishwa nyumbani. Akaichambua katiba mpaka akapata uzi: mwanachama asiyeweza kufika, mume, mke, mtoto au ndugu yake anaweza kuitikia jina kwa niaba yake. Akazunguka mlango kwa mlango. Jumapili iliyopita ukumbi ulijaa wajane, wagane na watoto wa marehemu, wote wamekaa wima kana kwamba wanapigwa picha. Mwanachama mwenzetu, Fundi Bomba, alikwisha kubali kupokea ufunguo. Begi langu lilikuwa chini ya kiti. Ajenda zilikuwa tatu: kwanza kuita majina, pili kuwafuta waliotangulia, tatu mwenyekiti mpya.

Sindano akaanza kuita. Mjane wa mpaka rangi akaitikia yupo. Binti wa mwalimu akaitikia yupo. Kila yupo moja nilisikia kamba inalegea mwilini mwangu. Wakaitwa karibu wote, na ikabaki sauti moja tu ili yule bwana atimie. Sindano akaita jina la wifi yako.

Dada, hapa ndipo penye barua yangu. Huko juu kote nilikuwa nakuzungusha.

Jamaa yake wa pekee mle ukumbini nilikuwa mimi. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza. Ila niliiona ajenda ya pili imekaa nyuma yake kama paka nyuma ya mlango. Nimwitikie yupo, halafu kabla mate hayajakauka ninyooshe mkono afutwe. Nimwite aje, ili nimfukuze. Nikafunga mdomo.

Sindano akaita tena, sauti chini: "Mzee, mwitikie mkeo."

Nikatazama dari. Sindano akafunika kalamu, akasema akidi haijatimia, na watu wakaanza kuburuta viti. Wengi wameamua kwamba masikio yangu yamekwisha. Nimewaacha na imani yao. Sasa kila mtu ananipigia kelele hata akiniuliza nimeamkaje, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Sindano pekee ndiye asiyepaza sauti.

Ameitisha mkutano mwingine mwezi ujao, majamaa wote wameahidi kurudi, na Fundi Bomba bado anangoja ufunguo. Utafeli vilevile. Bwana Akidi niliyetaka kumshika sikio, dada, kumbe ni mimi.

Basi chumba cha uani mpe yule kuku, kiatu kipumzike. Au kama magoti yatakubali, njoo wewe. Ukifika chini ya ngazi piga kelele tu, machela ninayo na ufunguo ninao, na utapandishwa kama malkia huku ukiangalia nguo za watu.

Wasalimie majirani na wote wanaonikumbuka kwa wema, hao hawatakuchosha. Wifi yako ningesema naye anakusalimu, lakini ungesema nimechanganyikiwa. Kwa katiba ni mwanachama bado. Na mtu akikuuliza huyo mdogo wako yuko wapi siku zote hizi, mwambie yupo.

Ni mimi mdogo wako, yuleyule ambaye mama alimwita Panya, na safari hii mtego aliutega mwenyewe.