Kambare wa Baba Mkwe

Kaka uko wapi? Nimetoka ziwani na baba mkwe sasa hivi, bado nimelowa, na siamini nilichoambiwa.

Aliniita tukavue kambare. Si unajua mvua na upepo wa jana, maji yametibuka, kambare wamesogea kwenye matete. Mimi nikajua yameisha, mke wangu atatoka kwao arudi nyumbani.

Nikanasa mmoja mkubwa, masharubu hayo! Mzee akacheka, "Vuta, mwanangu, vuta!" Kaka, aliniita mwanangu.

Tukampandisha mtumbwini. Mzee akasema, "Hatarudi. Amenituma nikwambie."

Hatarudi! Nikamuuliza, "Baba, ndiyo ukanileta huku majini?" Akajibu, "Nchi kavu ungeondoka kabla sijamaliza."

Halafu akaanza kulia, yeye! Ikabidi nipige kasia peke yangu na upepo ule, huku nambembeleza, "Basi, baba, yaishe."

Tulipofika akanishika mkono. "Mimi sina neno nawe. Lakini usije tena kwangu. Kila ukija, anajifungia chumbani hata kula hali."

Nikamwitikia, "Sawa, baba." Kaka, nimeitikia kwa mdomo wangu mwenyewe.